Alilia Kidogo

*Jumanne, 1 Aprili*

Mwalimu Bashira amenipa daftari na kuniamrisha niandike. Anasema kila mmoja wetu anayekwenda kumliwaza mzazi aliyefiwa aandike jina, mtaa na tarehe, arubaini ya mtu isije ikatupita. Yeye ni mwalimu, akiona karatasi tupu hana raha. Nimemwambia mimi ni mhudumu wa wodi ya wazazi, kazi yangu ndoo na mashuka, na mwandiko wangu unakwenda upande kama kaa. Akasema kaa naye hufika anakokwenda.

Basi naandika. Jina langu Sichana, wa Jang'ombe, miaka arubaini na miwili. Mwanangu Ulfat aliishi siku tisa, miaka sita iliyopita, na baada yake sikupata mwengine. Kila Alhamisi baada ya alasiri tunakutana kwa Bashira, wanawake sita au saba tuliofiwa na watoto wachanga. Anayetaka kulia analia, anayetaka kunyamaza ananyamaza. Tuna sharti moja tu: hakuna kupeana maneno matamu. Hapana "Mungu atakupa mwengine," hapana "bora amekwenda mapema hujamzoea." Sharti hilo nililiweka mimi, kwa sababu nilipofiwa niliyasikia maneno hayo mpaka nikakaribia kumtia mtu kofi.

*Jumatano, 2 Aprili*

Mvua ya kwanza ya masika. Jikoni panavuja palepale pa mwaka jana. Mahfoudh, mume wangu, amesema atatia bati Jumamosi. Hakusema Jumamosi ya lini.

*Jumamosi, 5 Aprili*

Nimerudi kazini sina nguvu hata ya kubandika chungu. Mahfoudh amekula mkate na chai na hakusema neno. Ndivyo alivyo, tangu Ulfat hana maneno, ana chai tu.

Asubuhi aliletwa binti mmoja, Fathiya, miaka ishirini na mitatu, kwao Mkokotoni, ameolewa Amani. Mimba ya kwanza, miezi tisa kamili. Moyo wa mtoto ulikuwa hausikiki vizuri, kisha ukawa hausikiki. Wakampeleka chumba cha upasuaji, wakamtia usingizi. Mtoto alitoka mwanamume, mzima wa viungo vyote, hana pumzi. Daktari na wakunga walihangaika naye muda mrefu, mimi nimesimama na taulo mkononi. Hawakuacha kitu. Hakulia, hakupumua, hakutikisika.

Mumewe anaitwa Haroub, fundi umeme, mrefu, mkavu. Mkunga alimwambia kwa upole. Yeye akauliza swali moja tu: "Alilia?" Mkunga akasema hakulia. Haroub akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, kisha akauliza nani atamkosha.

Swali lake nalijua. Mtoto akizaliwa akatoa sauti, hata moja, kisha akafa, hukoshwa, huvishwa sanda, husaliwa na kuzikwa. Asiyetoa sauti wala kuonyesha uhai hukoshwa, huvishwa sanda na kuzikwa, lakini katika madhehebu yetu hasaliwi. Baba wote wanauliza. Ila wengine huuliza wakitetemeka, na huyu hakutetemeka. Nilisema moyoni, huyu ameumbwa kwa saruji. Sikumpenda.

Nilimkosha mimi, kwa idhini yake, katika kile chumba kidogo kilicho ubavuni mwa stoo ya mashuka. Watoto wa pale wengi huwakosha mimi. Maji ya uvuguvugu, karafuu maiti, bafta nyeupe niliyoiweka tayari tangu Shaabani. Alikuwa na nywele nyingi zilizomlalia kwenye paji la uso. Vidole virefu. Doa la rangi ya kahawia kwenye paja la kushoto, dogo kama choroko. Nilizungumza naye, huwa nazungumza nao wote. Nilimwambia mama yako hajakuacha, amelazwa usingizi tu, angekuwa macho angekuwa hapa.

Haroub alimpokea mlangoni. Mvua ilikuwa kubwa. Alivua koti lake akamfunika, akatoka na ndugu zake wawili. Hata ahsante hakusema.

*Jumapili, 6 Aprili*

Fathiya ameamka vizuri leo. Ameulizia mtoto, akaambiwa ameshazikwa jana alasiri. Hakumwona wala hakumgusa. Kuna wakunga waliomwambia kuwa mimi ndiye niliyemkosha, akaniita.

Nilikaa kitandani kwake. Nilimweleza nywele, vidole, lile doa la pajani. Alikuwa ananitazama mdomoni, kila neno analimeza. Hakulia. Nilipomaliza akanishika mkono.

"Bi Sichana, alilia?"

Nilikuwa na jibu. Ni neno moja. Nimeshawahi kulisema kwa wanawake wengi na sikufa, wala wao hawakufa. Leo nilimtazama uso wake na neno likanikwama. Ulfat wangu alilia siku tisa. Alilia mchana na usiku, nikamchukia kwa kulia, na leo sauti ile ndiyo mali niliyobaki nayo. Nikaona ni uchoyo kumkatalia mwenzangu hata chembe.

"Alilia kidogo," nikasema. "Kisha akanyamaza."

Akafumba macho, akasema alhamdulillahi. Akasema kama alilia basi ana haki ya jina, na jina lake Nahodha, jina la babu yake aliyekufa mwaka jana. Nikatoka pale nimejaa nafsi yangu, kama mtu aliyelisha yatima. Ninaandika haya na bado sioni kama nimefanya vibaya sana.

*Jumatatu, 7 Aprili*

Mvua. Mashuka hayakauki.

*Alhamisi, 10 Aprili*

Kwa Bashira. Tulikuwa watano, barabara ina maji, wengine hawakuweza kuja. Niliwasimulia habari za Fathiya, kwamba mtoto alizaliwa hana pumzi, kwamba mama hakumwona. Bashira ameandika jina. Niliyoyasema mimi kitandani sikuyasimulia. Nilijiambia nimesahau.

*Jumapili, 13 Aprili*

Nimekwenda Amani kumtazama Fathiya. Mama yake, Bi Mwanamwema, amekuja kutoka Mkokotoni kumlea, na anamlea kama mzazi mwenye mtoto. Chini ya kitanda kuna chetezo, mezani kuna uji wa pilipili manga, na binti analazimishwa kuumaliza. Maziwa yamemjaa, amefungwa kanga kifuani kwa nguvu mpaka anapumua juu juu. Hakuna mtoto wa kuyanyonya na uji unazidi kuyaleta. Nilimwambia Bi Mwanamwema apunguze uji. Akasema mzazi ni mzazi.

Jambo la pili limenitia hasira zaidi. Bi Mwanamwema anamkataza kulia. Anasema kila chozi la mama ni kaa la moto kwa mtoto kaburini. Sijui nani aliyelitunga hilo, lakini alikuwa hajazaa. Fathiya tangu ajifungue hajatoa chozi. Macho yake makavu na yana mishipa myekundu.

Aliponiona alitabasamu. Akamwambia mama yake, ndiye huyu aliyemsikia Nahodha. Bi Mwanamwema akanivuta mkono akaubusu, mwanamke aliye sawa na mama yangu. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kitu, kama mwiba wa samaki ambao hujui umekukwama wapi.

Haroub alipita na sanduku lake la vyombo, akatoa salamu, akatoka. Fathiya anasema hakai ndani na hataji mtoto. Nilitikisa kichwa, kuonyesha kuwa namwelewa.

*Jumatano, 16 Aprili*

Chura jikoni. Bati bado.

*Jumamosi, 19 Aprili*

Mchana huu Haroub amekuja kwetu Jang'ombe. Amelowa mpaka anadondoka maji. Mahfoudh alimkaribisha, nikachemsha chai, nikajua kabla hajafungua mdomo.

Jana jirani mmoja alikwenda kumpa pole Fathiya, na katika maneno akamuuliza nani aliyemsalisha mtoto. Fathiya akamuuliza mumewe. Haroub akasema mtoto hakusaliwa kwa sababu hakulia. Fathiya akasema Bi Sichana alimsikia. Tangu hapo nyumba ile haikaliki.

Haroub hakugusa chai. Aliweka mikono juu ya magoti, akanitazama.

"Bi Sichana, mie nimemzika mwanangu kwa mikono hii. Nnataka unambie kitu kimoja tu. Alilia au hakulia?"

Mahfoudh naye alikuwa ananitazama. Ningesema pale, yangekwisha pale. Lakini nilimwona Haroub vile vile nilivyomwona ukumbini hospitali, mkavu, anauliza sheria wakati mkewe amepasuliwa, na nikapata hasira ya kunisaidia. Nikamwambia mwanamume mzima hamchunguzi mke mgonjwa, akamuulize daktari.

"Daktari nshamuuliza. Kasema hakulia. Lakini wewe ndiye uliyemshika."

Nikasema mimi nilikuwa na kazi ya kukosha, si ya kusikiliza.

Kisha akasema, polepole, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba kama alilia basi yeye amemdhulumu mwanawe haki yake ya mwisho, na mwanawe hakuwa na haki nyengine duniani. Akainuka, akaaga, akatoka mvuani.

Mahfoudh aliuliza, "Alilia?" Nikamwambia chai inapoa.

*Jumatatu, 21 Aprili*

Fathiya amehama. Ametoka Amani na mama yake kurudi Mkokotoni, siku kumi na sita tangu apasuliwe, arubaini haijafika hata nusu, katika mvua hii. Amemwachia mumewe maneno kwamba anataka talaka yake. Hakai na mtu aliyemfukia mtoto mwenye sauti kama anafukia jiwe.

Kaniletea habari hizi mhudumu mwenzangu wa wodini, wifi yake anakaa mtaa ule. Alizisimulia kwa utamu, huku anakunja mashuka. Nikamwambia ana shuka moja chafu mkononi.

*Alhamisi, 24 Aprili*

Sikwenda kwa Bashira. Nimetuma salamu kwamba nina homa. Sina homa.

*Jumamosi, 26 Aprili*

Mvua tangu juzi haijanyanyua. Nimeota Ulfat analia na mimi namwambia anyamaze.

*Jumapili, 27 Aprili*

Mahfoudh alirudi alasiri, suruali imejaa tope. Akakaa kizingitini anavua viatu, akasema amemwona Haroub makaburini Mwanakwerekwe. Amesimama kwenye kaburi la mtoto hana mwavuli. Mahfoudh alimsogelea, akamuuliza mbona hamsomei mtoto chochote. Haroub akasema hajui amsomee kama nani, kama aliyeishi au ambaye hakuishi, na anaogopa kukosea mara ya pili. Kwa hivyo anakwenda anasimama tu. Kila siku baada ya kazi.

"Yule mtu anakwisha, Sichana," akasema.

Nilimuuliza yeye mwenyewe alikuwa anafanya nini makaburini. Akashughulika na kamba ya kiatu.

"Nnakwenda," akasema. "Jumapili."

Miaka sita. Mimi nilidhani Jumapili anakwenda kucheza bao. Sisi wanawake hatusindikizi maiti. Nilimpa Ulfat mikononi akatoka naye na mlango ukafungwa, na mimi nikamhukumu kwa sababu aliporudi alinawa mikono akaomba chai. Nimewaliwaza wanawake miaka yote hii na sikuwahi hata siku moja kumuuliza mwanamume yeyote amelala vipi. Nimeona haya, na nimemwonea Haroub huruma, na nimejichukia. Yote matatu kwa pamoja, na bado sikusema.

*Jumatano, 30 Aprili*

Kazini. Mapacha, wote wazima. Nilimshika mmoja akalia mpaka masikio yakaniuma. Nikamrejesha haraka.

*Alhamisi, 1 Mei*

Nimekwenda kwa Bashira kwa sababu amenijia mwenyewe mlangoni, akanigusa paji la uso na kusema homa imepoa.

Tulipokaa alikuja Sheikh Kheir, imamu wa msikiti wa mtaa wa Haroub. Alitoa salamu, akaomba kiti, akakaa mlangoni, ubavu kwetu, macho kwenye mvua. Ni mtu wa makamo, ana kifua, anakohoa kila maneno matano. Alisema hakuja kumlaumu mtu. Alisema maneno ya daktari yapo, lakini mama wa mtoto anadai ana shahidi, na katika mambo ya uzazi wanawake husikilizwa kwa kuwa wao ndio wanaokuwepo. Kama mtoto alitoa sauti, hakuna kilichoharibika, watu watakwenda kusali kaburini na haki yake itakuwa imetimia. Kama hakutoa, baba yake amefanya yaliyompasa. Lililo baya ni kutojua, maana mume anaungua na mke anaungua.

"Kwa hivyo nnakuomba ushahidi wako, Bi Sichana. Na ushahidi unaujua uzito wake."

Wanawake wote wakanigeukia. Bashira alikuwa ananitazama kwa namna yake ya ualimu, ya kumngojea mwanafunzi. Yeye alinisikia tarehe kumi nikisema mtoto alizaliwa hana pumzi.

Lazima niandike nilichokiwaza, maana daftari hili nikilidanganya na hili sitabaki na kitu. Niliwaza niseme alilia. Ni sala tu. Wanaume kumi watasimama kaburini dakika tano, watasali, itamdhuru nani? Fathiya atarudi kwake. Mimi nitabaki yule mwanamke mwema aliyemsikia Nahodha, atakayebusiwa mkono. Niliona njia yote imenyooka mbele yangu. Kisha nikamwona Haroub maisha yake yote anaamini kwamba alimtia udongoni mtoto aliyeishi bila ya kumsalia, kwamba alikosa jambo moja la pekee alilotakiwa kumfanyia. Ningemtia hilo mabegani mimi, ili mkono wangu ubusiwe.

"Hakulia," nikasema.

Sheikh alikohoa. Akauliza, basi nilimwambia nini mama yake. Nikasema nilimwambia alilia kidogo. Akauliza kwa nini, si kwa ukali, kama anataka kujua kweli. Nikasema nilimwonea huruma. Na hilo nalo si kweli yote. Nilitaka kuwa mimi niliyempa.

Mwenzetu mmoja wa Kikwajuni, aliyefiwa na wawili, alianza kulia chini chini, na nikajua analilia nini. Mwaka juzi nilimwambia wanawe walikuwa wanatabasamu nilipowakosha. Na walitabasamu kweli, nilivyoona mimi. Lakini sasa nani atamhakikishia?

Sheikh alisema yeye mwenyewe atamwambia Haroub. "Ama mama yake mtoto, mwambie wewe. Uso kwa uso."

Alipoondoka Bashira akachukua kalamu, akaiweka, akasema, "Sichana, sisi watu wanatupokea kwa sababu hatuwapi maneno ya kupoza. Hicho tu ndicho tulicho nacho." Akaniambia nisiende kwa mzazi yeyote kwa sasa. Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza.

*Ijumaa, 2 Mei*

Nimemwambia Mahfoudh yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema Jumapili atatupeleka, mimi na Haroub, Mkokotoni kwa keri yake, kile kigari chake cha mizigo. Mficha maradhi kilio humuumbua, nikamwambia, na mimi kilio chenyewe ni cha watu wengine. Hakucheka. Alinitilia chai.

*Jumamosi, 3 Mei*

Mvua mchana kutwa. Sikula.

*Jumapili, 4 Mei*

Tulitoka saa tatu asubuhi. Haroub tulimchukua Amani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na hata kwa mate. Akasema, "Asalaam alaykum, Bi Sichana," akakataa kukaa mbele, akapanda nyuma ya keri chini ya turubali. Njia nzima nilikuwa nasikia mvua inapiga turubali lile na kujua kuwa yuko chini yake.

Nyumba ya Bi Mwanamwema iko karibu na soko. Alinipokea kwa bashasha, shikamoo yangu hakuingojea imalizike, marahaba mwanangu, karibu, karibu. Alipomwona Haroub nyuma yangu uso ukafunga. Akasema wanaume wabaki barazani. Nikamwomba amruhusu mkwewe asimame mlangoni tu, maana nililokuja nalo ni lake pia. Akaruhusu kwa shingo upande.

Fathiya alikuwa amekaa mkekani ameegemea ukuta. Amekonda. Alinisogezea mto nikae karibu yake, nikakaa mbali.

Njiani nilipanga maneno mengi ya utangulizi. Yote yaliniruka.

"Fathiya mwanangu, nilikudanganya. Mtoto hakulia."

Bi Mwanamwema aliyekuwa anamimina sharubati akasita na jagi mkononi. Fathiya hakutikisika.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nikaeleza. Kwamba alitoka amekwisha kuondoka, kwamba walijaribu, kwamba mumewe aliuliza akaambiwa kweli na akafanya kama inavyotakiwa. Kwamba aliponijia Jang'ombe kuniuliza nilimfukuza kwa maneno. Kwamba kosa lote ni langu na yeye hana hata chembe. Nilisema yote bila ya kupumua, na nilipomaliza nikasikia mvua juu ya bati.

"Na nywele?" akauliza Fathiya.

"Nywele alikuwa nazo. Wallahi, alikuwa nazo nyingi."

"Na vidole. Na lile doa."

"Kweli tupu, mwanangu. Yote hayo kweli."

"Ntajuaje?"

Mama huyu hakumwona mwanawe, na macho yake yalikuwa ni mimi. Kila kitu cha mtoto yule alichonacho kilitoka mdomoni mwangu, na mdomo wenyewe ndio huu. Niliapa tena. Nikasikia mwenyewe kwamba kiapo changu hakina uzito, kama cha mchuuzi wa sokoni. Machozi yakanitoka na nikaona aibu kulia mbele yake, yeye asiyeruhusiwa.

Bi Mwanamwema aliweka jagi chini, akaanza kuniambia niondoke nyumbani kwake, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Ndipo Haroub aliposema kutoka mlangoni.

"Alikuwa na kidevu chako."

Fathiya akainua kichwa.

Haroub alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Alisema alipomtia mwanandani, ubavuni mwa kaburi, alimfungua sanda usoni, kumlaza shavu kwenye udongo kama inavyofanywa. Mvua ilikuwa inaingia kaburini, akamkinga uso kwa kiganja. Kiganja chake kilimfunika uso wote. Akakaa hivyo muda, mpaka ndugu zake wakamwambia atoke. Kidevu kilikuwa kimechongoka na kina kile kibonyo, kama cha Fathiya. Nywele zilikuwepo. Zilimkwama vidoleni.

"Hukunambia," akasema Fathiya.

"Walinambia nisikutajie. Walisema ntakutonesha."

"Mwezi mzima."

"Mwezi mzima," akasema Haroub. "Kila siku nnakwenda."

Fathiya alisogea kwenye mkeka, akaacha nafasi ubavuni mwake.

"Njoo ukae. Nambie."

Haroub akavua viatu, akapita mbele yangu, akakaa. Nilinyanyuka. Fathiya alisema bila ya kunitazama, "Bi Sichana, usirudi tena kwangu." Nikasema sawa, mwanangu. Si kwa hasira alisema, na ana haki.

Nilikuwa barazani natafuta viatu vyangu nilipomsikia. Alilia kwa sauti, kilio kizito kilichokaa ndani mwezi mzima, kikaja chote kwa pamoja. Nikamsikia Bi Mwanamwema akianza, usilie mwanangu, machozi yako, na nikamsikia Haroub akimwambia, "Mwache alie, mama."

Kazi yangu miaka sita ni kusikia sauti ile na kuingia. Nilisimama na kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, uso kwenye mlango ule, mpaka Mahfoudh akanishika kiwiko akasema twende.